Orodha ya Wapiga Kelele

Shule ya wanyama ilipofunguliwa, Digidigi aliingia darasa la kwanza akakaa kimya. Wiki ya tatu ilifika hajatamka neno. Hata akiitwa kwenye mahudhurio, aliinua kwato tu.

Siku moja Mwalimu Korongo alitoka kidogo, akamwachia darasa kiranja Nungunungu, aliyependa sheria kuliko uji wa saa nne. Nungunungu alijichomoa mwiba mmoja, akauchovya kwenye wino, akakaa tayari kuwaandika wapiga kelele. Darasa zima likanyamaza.

“Miiba yako inanichoma,” ilisema sauti nyembamba nyuma yake.

“Kumbe una mdomo,” alisema Nungunungu, akamwandika Digidigi.

Mwalimu alirudi akapokea orodha. Digidigi alijificha nyuma ya dawati, maana aliyeandikwa hunyimwa mapumziko. Mwalimu alisoma, akapangusa miwani, akasoma tena.

“Alisemaje?”

“Alisema namchoma, Mwalimu.”

“Basi mpigieni makofi.”

Nungunungu alinuna. “Na orodha niichane?”

“Thubutu. Ibandike mlangoni.”

Mchana Mama Digidigi alikuja kumchukua mwanawe. Aliisoma orodha ile ya jina moja, kisha akaomba aende nayo nyumbani.