Farasi Mkekani

Sheria ilisema mjane akiishinda mashine ya mtaa kwa sataranji, nyumba ni yake. Akishindwa, ndugu wa mumewe wanaichukua.

Eda yangu yote, baada ya kila swala, nilipanga kete mkekani. Hila moja niliirudia mpaka mkono ukaizoea: farasi kumbana mfalme katikati ya askari wake mwenyewe.

Siku ikafika.

"Shemeji, funguo umeziweka wapi?" alinicheka Shekue, mdogo wa marehemu.

Nikasogeza farasi.

"Umeshinda, Bi Mwanamvua," ikasema mashine.

"Alhamdulillahi! Shemeji, karibu chai. Kama mgeni."

Mashine ikaongeza, "Hila hii nimeihifadhi. Mjane ajaye nitamfunga kwayo."

Jirani yangu Bi Tatu amebakiza wiki mbili za eda. Nikakunja mkeka, nikaenda kwake.