Kabati la Papa

Haki ya Mungu, hapa siongezi chumvi, maana hata hiyo chumvi yenyewe nimenyimwa.

Siku hizi kwetu Tanga kabati la jikoni hutii bangili ya kupimia presha unayolala nayo. Presha ikishuka usiku ukiwa usingizini, linafunguka, unakula papa wako mkavu. Isiposhuka, unakula mlenda chukuchuku. Mimi sukari ilishanigusa figo, na presha yangu hailali hata nikikoroma.

Basi jana usiku nikamvisha mke wangu Zuwena bangili yangu akiwa amelala, nikamvua alfajiri. Asubuhi kabati likagoma: "Presha haikushuka."

Nikafoka, "Kabati limerogwa! Wewe si ulilala fofofo?"

Zuwena akaacha kukoroga uji. "Baba Saumu, presha ni yako. Usingizi wangu unaingiaje?"

Nikajifanya natafuta kijiko.

"Nilisikia vidole vyako vikinivisha," akasema. "Nikasema, ngoja nimwone mzee huyu mwisho wake. Haya, toa faini."

Nikatoa kipande cha papa nilichopewa na jirani nikakificha kofiani.

"Kumbe ulikuwa macho," nikajitetea, "ndiyo maana haikushuka."

"Nililala baadaye, mume wangu. Mpaka adhana."

Tukautazama mkono wake, uliolala na bangili na presha isishuke. Papa akabaki mezani, hakuna aliyemgusa.