Bosi Aliambiwa Asiseme

Tangu mbwa wote wavalishwe mkanda wa kusemea shingoni, Mama Anasia aliacha kuhangaika na chakula cha mbwa wake, Bosi. Alimchemshia karoti na boga, bila chumvi wala kitunguu, akavikata vidogovidogo visimkabe. Bosi akionja tu husema, "Leo boga limeiva, mama," na moyo wa mama hutulia.

Jumapili moja mama akamnusa mdomoni.

"Bosi, umekula kitunguu?"

"Nimeambiwa nisiseme."

Binti yake, Anasia, akainamisha kichwa. "Aliomba kachumbari, mama. Kaomba kwa adabu kabisa."

"Mtoto akililia wembe mpe, lakini mbwa akililia kitunguu usimpe. Kiwe kibichi, kiwe cha kupikwa, kinamharibia damu."

Wakamkimbiza kwa daktari wa mifugo, akatapishwa, wakarudi naye mzima. Jioni fizi zake zilikuwa na rangi nzuri, naye akazitafuna karoti zake kwa raha. Mama akacheka, akampapasa kichwa.

"Na mengine uliyoambiwa usiseme, Bosi, ni yapi?"

Mbwa akamtazama Anasia kwanza, kisha akatikisa mkia.

"Karoti tamu, mama."