Nusu ya Bahari

Nahodha alishuka mwenyewe na bakuli la supu ya kuku, akalipeleka moja kwa moja kwa Ambrose Tully, kibarua wa mkataba asiye na hata viatu. Chini ya sitaha watu mia na ushee walibaki wakinusa. Tangu meli ing'oe nanga Bristol walikuwa wakila biskuti zenye funza.

"Kunywa, ndugu yangu," nahodha alisema. "Jikaze ufike Ijumaa."

Alipopanda ngazi, Bi Ursula, muuza samaki ambaye mdomo wake haukujua likizo, alimgeukia mke wa mgonjwa.

"Thomasine, shoga, umeona bahati hiyo? Mimi ningeugua leo hii!"

Watu wakacheka. Thomasine aliendelea kumlisha mumewe, kijiko kwa kijiko.

"Ila Ijumaa ndiyo tunavuka nusu ya bahari," Ursula akaendelea, sauti kaishusha kidogo tu. "Na mkataba unaujua. Mtu akifa kabla ya nusu, miaka yake saba ya shamba la tumbaku inazama naye. Akifa baada ya hapo, anayebaki nahodha anamuuza bandarini na miaka ya wote wawili. Saba yako, saba yake."

"Hafi," Thomasine alisema.

"Nani kasema anakufa? Nimesema Ijumaa."

"Hebu nyamaza wewe, mgonjwa ana masikio!" mzee mmoja akafoka.

Alikuwa nayo kweli. Homa ilikuwa imemla mpaka mbavu zikahesabika, lakini masikio yalibaki mazima. Tangu siku hiyo, kila adhuhuri, msaidizi wa nahodha alipomaliza kupima jua kujua meli imefika wapi na kupita pale, Ambrose alimuuliza swali lile lile.

"Tumevuka nusu?"

"Bado, mzee. Ijumaa."

Maskini, watu wakasema, anavyoitamani Virginia.

Supu ikaja Jumanne, ikaja Jumatano. Wanawake wakamwombea nahodha dua kwa wema wake. Alhamisi Ambrose alisimama kwa miguu yake, akaomba kwenda juu kupunga upepo. Thomasine alimshika kiuno, wakapanda polepole, watu wakiwapigia makofi kama maharusi.

Msaidizi wa nahodha alikuwa juu, akikunja kamba.

"Tumevuka?"

"Mzee nawe! Kesho mchana."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

Ambrose akashusha pumzi. "Mke wangu, baridi. Nishushe... hapana, niletee blanketi."

Thomasine aliporudi na blanketi, mabaharia walikuwa wameinama ukingoni, mmoja ameshika kamba isiyo na mtu. Meli ya matanga haisimamishwi kama punda. Walipofaulu kuigeuza, hapakuwa na kitu ila maji.

Chini, Ursula alimkumbatia mjane, wakalia mpaka sauti zikakauka.

"Amekupa miaka saba, shoga," alimnong'oneza. "Saba mizima. Mimi wangu hakuwahi kunipa hata shali."

Thomasine akacheka, kicheko kikageuka kilio tena.

Chumbani mwake, nahodha alimuuliza msaidizi kama safari ya wiki ile imeshaandikwa katika kitabu cha meli.

"Bado, bwana mkubwa."

"Basi andika tulivuka nusu Jumapili iliyopita."