Tonge la Eid

Kila Jumatatu shule ilipima mafuta yaliyomo katika damu ya watoto, na damu haifichi kitu. Watoto waliruhusiwa zeituni, samaki, kunde na mboga. Aliyekutwa na mafuta mengine mara mbili alihamishiwa bweni la lishe, akalelewa huko mpaka awe mtu mzima. Ruzuna, binti wa Batuli, alikwisha kukutwa mara moja.

Eid iliangukia Jumapili. Batuli alipika wali wa nazi wake mwenyewe, na wa zeituni wa mwanawe. Walipoketi mkekani alimega tonge, akalipuliza, akamtia Ruzuna mdomoni, kama alivyolishwa yeye na mama yake kila Eid.

Ruzuna alitafuna, akameza, kisha akaitazama sahani ya mama yake.

"Mama, hili la nazi."

"Tema! Tema, mwanangu!"

"Nimeshameza."

Batuli aliutazama mkono wake kama si wake. Machozi yakamtoka.

"Usilie, mama. Wanasema kule kuna bembea."

Ruzuna akajisogeza, akamwegemea gotini.

"Basi nipe na jingine."

Batuli akamega. Akalipuliza tonge la nazi, akamtia mdomoni.