Kikohozi cha Jumapili

Amos Kearton alikohoa mara tano kabla ya chai ya asubuhi, na mara zote tano alikohoa kwa uongo.

Mkewe, Hilda, alikuwa mbele ya kioo akivaa kofia yake ya kanisani. Hakugeuka.

"Kifua," Amos akasema kutoka kitandani. "Kimenibana. Na homa kidogo."

"Homa." Hilda akachomeka pini kwenye kofia. "Na jana usiku umeimaliza nyama yote ya kondoo."

"Homa haiulizi mtu kala nini. We waambie tu siwezi kuja."

"Niwaambie mimi?"

"Sasa nani mwingine?"

Hilda hakuwahi kusema uongo ndani ya kanisa lile dogo la mawe tangu alipobatizwa humo. Alichukua kitabu cha nyimbo, akashuka ngazi bila kuaga. Amos akabaki anatazama dari, anaona haya hata mbele ya mto wa kulalia.

Lakini nje jua lilikuwa limewaka. Wiki tatu mvua ilikuwa imelipiga bonde lao la Yorkshire bila huruma, na nyasi alizozikata Alhamisi zilikuwa zimelala shambani zikianza kuwa nyeusi. Waingereza wakitaka kumhimiza mtu asiiache nafasi impite, humwambia aanike nyasi jua likiwa bado linawaka. Dalali wa mjini husema hivyo akiuza nyumba, na mwanasiasa akiomba kura, wala hawajawahi kushika reki. Kwa Amos hayakuwa maneno ya kupambia mazungumzo. Nyasi zisipokauka leo, ng'ombe wake wanane hawatakuwa na cha kula majira ya baridi, na itabidi wote waende mnadani kabla ya theluji. Redio ilikuwa imeshasema mvua inarudi jioni.

Taabu ni kwamba ilikuwa Jumapili. Katika bonde lile watu walikamua ng'ombe siku ya Bwana kwa sababu ng'ombe hana kalenda, lakini shambani hakukanyagwa. Na aliyelilinda jambo hilo kuliko wote alikuwa Amos mwenyewe, mzee wa kanisa. Mwaka uliopita alimkuta jirani yake, Jacob Sunter, akigeuza nyasi zake Jumapili, akamsimamisha mbele ya waumini wote. Jacob, mtu mzima mwenye wajukuu, aliomba radhi akiwa ameshika kofia mkononi. Kazi yake ikabaki nusu, nyasi zikaoza, akauza ng'ombe watatu.

Hilda alipopotea kwenye kona ya barabara, Amos alivaa buti, akatoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba na banda, halionekani barabarani. Alianza kugeuza nyasi kwa reki haraka haraka, kichwa chini. Upande wa juu ulikuwa umekauka kidogo, upande wa chini ulikuwa bado unatoa maji.

Wimbo wa kwanza ukapanda kutoka kanisani. Ulikuwa ule ambao kila Jumapili huanzishwa na yeye. Midomo yake ikaanza kuufuata bila ruhusa yake, akaibana, uso ukimwaka kwa aibu.

Alijiambia ni mara moja tu. Alijiambia Mungu anajua habari za ng'ombe. Kisha akamkumbuka Jacob na ile kofia mkononi, akaona heri asijiambie kitu.

Alikuwa hajamaliza hata robo ya shamba aliposikia viatu barabarani, viatu vingi, na saa ya ibada kwisha ilikuwa bado kabisa. Akanyata hadi kwenye pembe ya banda, akachungulia. Juu ya ukuta wa mawe aliona vichwa tu. Kanisa zima lilikuwa linapanda kilima kuja kwake: mhubiri Thwaite mbele, Jacob Sunter kando yake, nyuma yao kofia za wanawake, na katikati Hilda, mwekundu kama kachomwa na jua, macho chini.

Hilda amesema. Ndilo lililomjia. Uongo umemshinda kuubeba, kautua mbele ya mimbari. Na Jacob naye, baada ya mwaka mzima wa kumeza, leo amepata siku yake.

Alijibanza nyuma ya banda, reki ameikumbatia kifuani, mzee wa kanisa mwenye miaka hamsini na minane. Aseme katoka kupunga hewa? Na reki je? Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na nyasi zake.

Watu wakasimama uani, chini ya dirisha la chumba chake cha kulala.

"Amos!" Ilikuwa sauti ya Jacob Sunter. "Wewe Amos Kearton!"

Amos akazidi kujibana kwenye ukuta wa banda.

"Lala hapo hapo, mzee mwenzangu, usithubutu kushuka! Shemeji katuambia hali yako, na mhubiri kasema kumsaidia mgonjwa si dhambi, kafunga Biblia, ibada ikaishia hapo. Reki tumezipitia kwangu. Nyasi za kwetu tumemwachia Mungu. Za kwako zitakuwa bandani kabla ya mvua."