Kiganja Kwenye Boneti

Khumbo Nyirenda alianzia kwenye paa la gari, akashuka milangoni, na kile kiganja akakiacha mwisho.

Utomvu wa msonobari hautaki nguvu. Kila tone alililowesha mafuta ya kupikia, akangoja lilegee, kisha akalipangusa kwa kitambaa chenye spiriti, taratibu, asije akachubua rangi nyeupe. Siku nne ulikuwa umeganda, tangu gari lilipoegeshwa chini ya miti hiyo.

Kwenye boneti ulikuwa umeganda na alama ya kiganja cha mtoto. Vidole vitano wazi, kile cha mwisho kimepinda. Mtaa mzima wa kiwanda cha mbao haukuwa na mtoto mwingine mwenye kidole kama hicho. Tiwonge wao alibanwa kidole hicho na mlango akiwa na miaka mitatu.

Mkewe, NyaMhango, alikuwa ameketi kizingitini tangu asubuhi, akimchunga. Chai yake ilikuwa imeshapoa.

"Baba Tiwonge, hicho usikiguse."

"Gari linambeba bibi harusi kesho, mama. Nimeshatoa neno."

"Basi na abebwe nacho."

Wiki hiyo hakuna aliyelala vizuri kati yao, wala aliyethubutu kumuuliza mwenzake kwa nini. Khumbo alisogeza kitambaa hadi ukingoni mwa kidole gumba. Akauondoa mkono. Akarudi kusugua mlango uliokwisha kutakata.

Ndipo akaja Gondwe, kaka wa bibi harusi, msimamizi mpya wa kiwanda. Alikuwa amehamia pale mwezi uliopita tu. Akalizunguka gari, akapiga mluzi.

"Nyirenda, umelifanya kioo!" Alipofika mbele akaangua kicheko. "Kumbe una fundi mwingine hapa! Wangu naye hivyo hivyo, juzi kanichorea ng'ombe ukutani. Hebu lete kitambaa nikumalizie."

NyaMhango alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya boneti, mikono kaitanua.

"Hukigusi!"

"Taratibu, shemeji. Wiki ijayo atakuwekea kingine, mpaka uchoke mwenyewe."

NyaMhango alimkodolea macho kama mtu aliyepewa ahadi. "Kweli?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Watoto hawa? Hawakosi!"

Khumbo alikitumbukiza kitambaa ndooni, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Litakwenda hivyo hivyo, bwana. Mkitaka, wekeni maua pembeni. Lakini hakifutwi."

"Haya, sigombani na watu na gari lao." Gondwe aliinama, akakipima kwa mkono wake bila kukigusa. "Kidogo hivi! Alikiweka lini?"

"Jumapili," Khumbo alisema. "Tulipokwenda kupalilia kaburi lake."